Mtu Aliyekuwa Akiongea na Mama Mkwe, na Kiitaliano Changu cha Madaftari

Kuna asubuhi moja nilipiga magoti nje ya mlango wa mama mkwe wangu, taulo kiunoni, mswaki mdomoni, sikio nimelibandika kwenye tundu la kitasa.

Ndani alikuwa anaongea na mtu.

Simu yake ilikuwa jikoni inachajiwa, nimeiona kwa macho yangu. Redio hana. Mke wangu alikuwa bado hajarudi kutoka zamu ya usiku hospitalini. Na mama mkwe mwenyewe alikuwa na mwezi wa pili tangu afanyiwe upasuaji wa nyonga, kutoka kitandani ni kwa kifaa cha kutembelea.

Lakini alikuwa anaongea. Anasema kidogo, ananyamaza, anasema tena. Mara anacheka, kile kicheko cha chini cha mtu aliyezoeana na mwenzake.

Nikasikiliza kwa makini kama dakika mbili. Nikajiridhisha na jambo moja: hiyo haikuwa lugha yoyote ninayoijua.

Hiyo sentensi ya mwisho muiweke akiba. Tutairudia, na ikifika wakati wake mna ruhusa ya kunicheka.

Nikagonga.

"Mama, shikamoo. Unaongea na nani?"

"Na yule baba," akajibu, katulia kabisa.

"Baba gani?"

"Si yule wa asubuhi. Mwache, ni mtu mwema."

Nikafungua mlango. Kitanda, kiti, glasi yenye meno yake ya bandia, dirisha lenye nondo. Baba hakuna.

Nikafunga mlango taratibu nikaenda kuoga, na sabuni niliisahau kichwani.

*

Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana huwezi kunielewa bila kujua uongo wangu ulianzia wapi.

Mimi ni fundi wa mashine kwenye kiwanda cha soksi. Tupo wawili, mimi na mwenzangu tunayemwita Spana. Mashine zetu zilikuwa nzee, zinatafuna sindano kama karanga, tukazizoea hivyo hivyo kwa miaka kumi na moja.

Siku moja meneja akatuita. Kasimama, mikono mfukoni.

"Mashine mpya zinakuja. Zinatoka Italia, na mhandisi wa kuzifunga anatoka huko huko. Haongei lugha nyingine. Sasa, nikipata hapa fundi wa kuelewana naye, huyo atakuwa fundi mkuu na timu inabaki kama ilivyo. Nikimkosa, nitaleta mafundi wengine wanaojua, na nyie wawili tutaagana vizuri."

Akatutazama mmoja mmoja.

"Kuna anayejua Kiitaliano?"

Mkono ukanyanyuka. Nikautazama. Ulikuwa wangu.

Nilichokuwa nakijua cha Kiitaliano siku hiyo ni majina ya wachezaji mpira. Spana alinitazama kwa macho ya mtu aliyeokolewa majini. Ana watoto wanne, wa mwisho alikuwa na wiki tatu.

Tulipotoka nje akaniambia, "Ndugu yangu, sikujua wewe ni msomi."

Kuanzia hapo kiwanda kizima kikawa kinaniita Profesa, na mimi nikawa naitika.

Nilikuwa na miezi mitatu.

*

Sasa ngoja niwape elimu yangu yote ya kujifunza lugha ya kigeni bila kutoka nyumbani.

Kwanza, madaftari. Nilinunua matatu na kalamu za rangi nne. Vitenzi kijani, majina ya vitu bluu, salamu nyekundu, vighairi zambarau. Nilipiga mistari kwa rula. Ukiyaona hayo madaftari utatamani kulia kwa uzuri.

Pili, karatasi zenye majina ya vitu kwa Kiitaliano. Nilibandika nyumba nzima. Mlango, kabati, sufuria, choo. Mke wangu alirudi kutoka kazini akakuta hata mto wake una karatasi.

"Na mimi utanibandika?" akauliza.

Sikumjibu, kwa sababu yake nilikuwa nimeshaiandika, iko mfukoni.

Tatu, simu. Nilisoma mtandaoni kwamba ukibadili lugha ya simu, ubongo unazoea. Nikabadili. Jioni hiyo hiyo nikabonyeza nisichokijua, na picha ya mama mkwe akiwa kitanda cha hospitali, macho kafumba, ikawa picha kuu ya kundi la kiwandani. Siku mbili nzima watu wananipa pole. Wengine walianza kuchangisha. Nilishindwa kuiondoa mpaka nikaipeleka simu kwa fundi simu, na huyo alinicheka kabla sijamaliza kueleza.

Nne, na hapa ndipo nilipoona nimefika, masomo ya sauti. Masomo thelathini. Kuna mwanamume mmoja ndani yake, ana sauti nzito ya upole, anasema jambo, halafu ananyamaza. Kile kimya ni cha wewe kujibu.

Mimi niliamini ni cha kuandika.

Kila alfajiri saa kumi na moja nilikuwa naingia stoo. Hiyo stoo niliitengeneza mwenyewe kwa kukata chumba kwa plaiwudi, upande mmoja stoo, upande wa pili analala mama mkwe. Spika niliiweka kwenye rafu na kuigeuzia kwenye plaiwudi, kwa sauti ya chini isitoke koridoni, maana kuna siku mke wangu anakuwa amerudi na amelala. Nikishaiwasha nafungua daftari, naandika neno moja kwa wino wa kijani, halafu nalala juu ya gunia la nguo. Mtandaoni kuna mtu alisema ubongo wa binadamu hujifunza zaidi ukiwa umelala. Mimi wangu niliupa kila nafasi.

Siku nyingine nawasha, naiacha inaongea, naenda zangu kuoga. Nilidhani lugha inaingia yenyewe.

Kisha navaa, nanywa chai nikiwa nimesimama, napita mlangoni kwa mama mkwe, "Shikamoo Mama", na kabla sijaisikia marahaba nimeshafika getini. Mtu mwenye shughuli kama mimi angefanyaje?

*

Mke wangu nilimweleza habari za "baba wa asubuhi". Yeye ni nesi, hashtuki ovyo. Akakunja shuka aliyokuwa ameshika.

"Wazee baada ya dawa ya usingizi ya upasuaji wengine huchanganyikiwa kidogo," akasema. "Lakini ni miezi miwili sasa."

"Anaongea lugha haieleweki."

"Haieleweki vipi?"

"Haieleweki. Mimi nina sikio la lugha, ningejua."

Alilia usiku ule. Mama yake alikuwa mwalimu wa cherehani, mwanamke mwenye maneno yake, na sasa tunaambizana kwamba akili zinaondoka. Tukakubaliana apelekwe kwa daktari mwisho wa mwezi.

Nami niliumia, kusema kweli. Lakini kesho yake alfajiri nilikuwa stoo na spika yangu.

*

Mhandisi alifika wiki moja kabla ya tarehe.

Ilikuwa Alhamisi. Meneja alinipigia simu, "Profesa, mgeni wako huyu hapa."

Nikamkuta karibu na mizigo, mtu mrefu, mnene kiasi, mashavu mekundu, kashika kofia kwa mikono miwili. Spana alikuwa pembeni yangu, anatabasamu kwa niaba yangu.

Mhandisi akasema kitu. Akanyamaza. Akasubiri.

Jamani, nilielewa. Alinisalimia na kuniuliza habari za kazi. Jibu lake nalijua, liko daftari la kwanza, ukurasa wa nne, kushoto, wino mwekundu. Ukurasa nikauona vizuri kabisa. Hata doa la chai nililiona.

Mdomo ukakataa kufunguka.

Miezi mitatu, na sikuwahi hata siku moja kulitamka neno la Kiitaliano kwa sauti. Ndiyo nilikuwa naligundua pale, mbele ya meneja.

Nikashika koo. Nikakohoa. Nikamwonyesha meneja kwa vidole kwamba sauti imekwenda.

Meneja alinitazama muda ambao sikuupenda. "Sawa. Mashine zinafungwa wiki nzima, yeye na watu wa umeme. Ijumaa ijayo tunawasha, na wewe ndiye unaongea. Jumamosi hii mchukue kwako akale chakula cha mchana, mzoeane. Koo liwe limepona."

Spana alinisindikiza mpaka mashine namba tatu.

"Koo limeanza lini?" akauliza, pole pole.

"Leo."

Aliokota kitambaa akaanza kufuta mashine ambayo ilikuwa safi tayari. Pale niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe.

*

Jumamosi mchana. Mimi shingoni nimejifunga skafu, na jua lilivyokuwa kali.

Mhandisi alikuja na boksi la biskuti. Akakaa. Mke wangu akamtabasamia, naye akatabasamu. Nikakohoa. Akaitikia kwa kichwa. Tukaenda hivyo kwa dakika ishirini. Alikuwa anatazama kucha zake.

Ndipo nikasikia kile kifaa cha kutembelea kwenye sakafu. Tak. Tak.

Mke wangu akanyanyuka haraka. "Mama, rudi ulale, nitakuletea chakula."

Mama hakumsikiliza. Alikuwa amejifunga kanga mpya, meno hakuvaa, yanambana. Akaja mpaka mbele ya mgeni, akajiweka sawa, akasema:

"Buongiorno, signore. Come sta?"

Habari za mchana, bwana. Hujambo?

Mhandisi alisimama ghafla mpaka kiti kikaanguka. Akajibu. Mama akamjibu. Akauliza, naye akauliza. Mama akamuuliza kama alikuja kwa treni. Akamuuliza kama chumba chake cha hoteli kina dirisha, kama kwao kuna mvua, kama ana ndugu, kama amechoka. Maneno yake yalikuwa machache na yalitoka yamelainika kwa kukosa meno, lakini yalitoka, na hakuona haya kwa hata moja. Akikosea, anapungia mkono, anasema tena.

Yule mtu mzima alimshika mkono akakaa naye kwenye kochi. Macho yalimlowa. Siku tatu alikuwa hajaongea na mtu.

Mke wangu kijiko kilibaki hewani.

Na mimi nilikuwa naelewa kila neno. Kila neno. Nilikuwa nimekaa pale na skafu yangu, naelewa kila kitu, na niliyebaki bubu ni mimi.

Sasa mnakumbuka ile sentensi niliyowaambia muiweke akiba? Nilisikiliza dakika mbili mlangoni nikasema si lugha ninayoijua. Ilikuwa ndiyo hiyo hiyo ninayoisoma. Haya, chekeni.

*

Mgeni alipoondoka, nikavua skafu, tukamsindikiza Mama chumbani kwake.

"Mama. Umejifunzia wapi?"

Akagonga plaiwudi kwa kifundo cha kidole. "Kwa yule baba."

Nikakaa chini.

"Kila siku anakuja," akasema. "Ananiambia habari za asubuhi, mama, hujambo? Halafu ananyamaza, ananisubiri. Sasa mtu akusalimie, akusubiri, wewe umkalie kimya? Nilianza kumjibu kwa lugha yetu, naona anarudia. Nikasema hapa anataka nimjibu kwa yake. Kesho anarudi na maneno mengine. Nami nikawa namrudishia."

"Miezi mitatu?"

"Wewe nakusikia upande wa pili unakoroma. Anakuuliza, humjibu. Nilijua mmegombana."

Mke wangu alitoka kwenda jikoni. Nilimsikia anacheka huko, halafu nikamsikia analia, halafu anacheka tena.

Nikamweleza mama mkwe kila kitu. Mkono ulionyanyuka, Spana, mtoto wa wiki tatu, Ijumaa. Hakunigombeza. Alinyoosha mkono.

"Lete hayo madaftari."

Nikampa. Akayafungua, akayasifu, akayaweka chini ya mto wake na kuyalalia.

"Sasa fungua mdomo."

*

Siku sita.

Nilikuwa nikirudi kutoka kazini sivui hata viatu. Nakaa kwenye kigoda pembeni ya kitanda chake, nasema. Namimina chai huku nasema ninachofanya. Namfunga kamba za viatu, nasema. Nikikwama, hanipi neno, ananyamaza na kunitazama, ananisubiri, kama alivyofundishwa na mwalimu wake wa ukutani.

Tatizo likawa moja. Yeye anajua treni na hoteli. Mambo ya sindano na uzi hana. Basi nikaleta sindano mbovu na silinda iliyopasuka kutoka kiwandani, nikazimwaga kitandani kwake, nikawa namfundisha. Hii inaitwa hivi. Hii ikivunjika, soksi inatoka na tundu. Naye, mwalimu wa cherehani yule, ananibana kwa maswali.

"Kwa nini imevunjika?"

"Haikuwekwa mafuta, Mama."

"Nani hakuweka?"

"Mimi."

"Sema yote. Usikate."

Yale maneno niliyoyaandika kwa rangi nne yalikuwepo kichwani muda wote. Yalikuwa yanasubiri mtu wa kuambiwa. Siku ya nne niliota namwomba radhi mashine kwa Kiitaliano.

*

Ijumaa. Mashine zimepangwa zinang'aa. Mhandisi aliiharibu moja makusudi, akanipungia mkono nije.

Akauliza. Akanyamaza.

Nikafungua mdomo.

Nilikosea, tusidanganyane. Kuna wakati nilimwambia sindano imechoka na safari. Lakini niliendelea kuongea huku mikono inafanya kazi, nikapata hitilafu, nikaeleza, akauliza tena, nikajibu. Soksi ya kwanza ikatoka nzima. Spana aliichukua, akaivuta, akaitazama kwenye mwanga, akaiweka mfukoni. Bado anayo.

Mhandisi akanishika bega, akaongea kirefu, huku anacheka mpaka tumbo linatikisika.

"Anasema nini?" meneja akauliza.

Jamani, mkalimani ni mimi.

"Anasema nimefaulu, bosi."

"Mbona ameongea sana?"

"Lugha yao ina maneno mengi."

Alichosema, kwa ukamilifu wake, ni hiki: nimefaulu, ameridhika, ataandika barua leo leo. Na tangu nianze kuongea anajizuia kucheka, kwa sababu mwanaume mzima na spana mkononi naongea kama bibi yake mzaa mama, Mungu amrehemu, aliyefariki bila jino hata moja.

Mpaka leo naongea hivyo. Ndiyo lafudhi niliyofundishwa.

*

Nilirudi nyumbani mapema nikampa mama mkwe habari. Alifurahi, akanirudishia madaftari yangu. Nikakaa kwenye kigoda.

"Mama, hivi kweli ulidhani kuna mtu ukutani?"

Alinitazama kama alivyokuwa akiwatazama wanafunzi wanaoshona mkono wa gauni nyuma mbele.

"Wewe. Mtu gani anasema maneno yale yale, sauti ile ile, hakohoi hata siku moja? Siku ya pili tu nilijua ni mashine."

"Sasa kwa nini uliendelea kuijibu?"

Alinyoosha shuka juu ya magoti yake.

"Mwanangu, mke wako anarudi asubuhi amechoka, analala. Wewe unanirushia shikamoo uko mlangoni, marahaba yangu inakukuta umeshafika getini. Humu ndani alikuwa mmoja tu anayenisalimia akanisubiri nijibu. Hata kama ni mashine, ningefanyaje?"

Nilikuwa na lugha mbili siku ile, na zote mbili zilinikimbia.

Basi ndugu zangu, mlionifuata mpaka hapa mkitaka njia ya kujua lugha ya watu bila kupanda ndege, nawapa hii niliyoilipia kwa aibu. Daftari nunua, sikuzuii. Sauti sikiliza. Lakini tafuta mtu mmoja, msalimie, halafu funga mdomo umsubiri ajibu. Akikuuliza, jibu, hata ukikosea.

Na kabla hujamtafuta mbali, angalia chumba cha pili.

Siku hizi nakunywa chai nimekaa. Saa kumi na mbili asubuhi nagonga mlango wake, nasema shikamoo, nasimama. Yeye anajua namsubiri, basi kusudi anachelewa. Anavaa kwanza meno, anajitengeneza kanga, anakohoa.

Halafu ananiitikia marahaba, na ndipo naenda kazini.